Kadi ya Kamera Nne

Kule Nyahanga, mjini Kahama, wengi hawakujua kuwa jina lake ni Hosiana. Walimwita Mama Nelly wa Studio. Chumba chake cha mbele kilikuwa na pazia la buluu la kupigia picha za pasipoti, na nyuma ya pazia hilo kulikuwa na kompyuta kuukuu ya mezani aliyoiheshimu kama mtu anavyomheshimu ng'ombe wa maziwa. Ilitumia Linux. Aliihamishia huko mwenyewe baada ya flashi za wateja kuijaza virusi mpaka ikawa haiwaki, akajifunza kwa kusoma, kwa kuharibu na kwa kurudia, mpaka akaijua tabia yake yote.

Kazi yake ilikuwa kurekodi harusi, kipaimara na kwaya. Siku za karibuni kwaya zilikuwa zimeanza kuringa. Hazikutaka tena kamera moja inayohangaika kutoka soprano kwenda besi. Zilitaka kamera nyingi kwa mpigo. Basi Hosiana akaanza kutafuta kadi ya kunasia video, ile inayochomekwa ndani ya sipiyu ili nyaya za kamera kadhaa ziingie pamoja, na picha zote zionekane kwenye kioo kimoja na kuhifadhiwa humohumo. Kadi zilikuwapo. Shida ni kwamba nyingi zilitengenezwa kwa ajili ya mfumo ule wa watu wengi, na ukizipeleka kwenye Linux zinakuwa kama mgeni asiyejua lugha ya nyumbani: amekaa kitini, lakini hasemi.

Mumewe, Marwa, alikuwa Mkurya wa Tarime aliyeifuata dhahabu mpaka Usukumani akamwoa Hosiana, binti wa kijiji cha Didia. Alichimba kwenye maduara ya Mwakitolyo, yale mashimo ya dhahabu ya wachimbaji wadogo, na alirudi nyumbani mwisho wa wiki na udongo masikioni. Kila aliporudi alimkuta mkewe ameinamia simu, anasoma habari za kadi.

"Hii kadi unaichagua kuliko ulivyonichagua mimi," alimwambia jioni moja, Nelly akiwa amemlalia kifuani.

"Wewe hukuwa na wa kulinganishwa naye," Hosiana akamjibu.

"Kwa hiyo nilikuwa peke yangu dukani?"

"Peke yako, tena hata boksi huna."

Marwa alicheka mpaka mtoto akaamka.

Mvua za masika zilipokolea, duara alilokuwa akichimba Marwa lilititia. Ilikuwa asubuhi, wachimbaji wengine wameshapanda juu kunywa chai. Aliyepiga simu hakuzunguka maneno. "Mama Nelly, njoo. Baba Nelly yuko chini na wenzake wawili."

Hosiana alimwacha Nelly kwa jirani, akadandia pikipiki. Mwakitolyo aliikuta imenyamaza kwa namna ambayo hakuwahi kuisikia. Makarasha yote, zile mashine za kusaga mawe zisizonyamaza mchana wala siku ya ibada, yalikuwa yamezimwa. Watu walisimama nyuma ya kamba. Mahali palipokuwa na mdomo wa duara palikuwa na bonde la udongo mwekundu, na matimba, yale magogo ya kushikilia kuta za shimo, yamechomoza kama mbavu.

Kulikuwa na katapila, kulikuwa na wanaume walio tayari kuchimba kwa mikono, lakini hakuna aliyethubutu kuanza. Chini ya ardhi ile njia zilikuwa zimepindana kama mizizi ya muhogo. Ukichimba upande huu unaweza kumwangushia mwamba mtu aliyeko upande ule, nawe huku juu usijue.

Aliyeleta wazo ni Davis, injinia wa kuchimba visima vya maji, mtu mpole mwenye sauti ya chini. Kuzunguka lile duara kulikuwa na matundu manne membamba, yaliyotobolewa zamani na watafiti wa madini, na wachimbaji waliyatumia kupitishia hewa. Davis alikuwa na kamera za kukagulia visima, ndefu na nyembamba kama tochi, zenye taa puani. Nyingine aliazima kwa wenzake wa Geita. Zilitosha kila tundu.

"Tatizo ni hiki kioo," alisema, akionyesha kisanduku chake. "Ni kimoja, na kinaonyesha kamera moja tu. Katapila likianza kazi, nataka kuyaona matundu yote kwa wakati mmoja. Udongo ukitikisika popote nipige kelele wasimame."

Hosiana alikuwa ameketi chini karibu yake, khanga imemteleza begani. Aliinua kichwa.

"Injinia, mimi nina kompyuta. Ninachokosa ni kadi."

Davis alimtazama. Hakumuuliza anajua nini. Alimtupia dereva ufunguo wa gari. "Mpeleke dada. Umsubiri."

Walipita nyumbani, akaing'oa sipiyu mezani na kuipakata njia yote mpaka dukani kwa Thobias. Thobias aliuza na kufunga kamera za ulinzi, na alikuwa amechoka kumsikia Mama Nelly akiulizia kadi bila kununua. Siku hiyo alipomwona sura hakutania. Alifagia kaunta kwa mkono, akaweka kadi alizokuwa nazo.

"Kuna hii ya kuchomeka nje," alisema. "Mpya kabisa. Kwenye boksi wameandika kamera nne."

Hosiana aliichomeka, akaandika amri ya kuiuliza kompyuta imeona nini. Kompyuta ilijibu kwamba kuna kitu kimechomekwa, haikijui. Kadi ilikuja na santuri ya programu, na programu zenyewe hazikuwa za Linux. Akaichomoa.

"Basi hii ya ndani. Hii nimewauzia wengi."

Akafungua sipiyu, akaipachika. Safari hii kompyuta iliitambua mara moja, na Thobias akapumua. Waliunganisha kamera za dukani, picha zikatokea. Dereva alikuwa ameshainuka kwenda kuwasha gari.

"Ngoja kwanza," Hosiana alisema. "Thobias, pita mbele ya kamera zote. Tembea kawaida tu."

Thobias akatembea. Kwenye kioo alionekana akianza kupita, akaganda mguu ukiwa hewani, kisha akatokea upande wa pili, kama mtu aliyekatwa katikati. Hosiana alimrudisha. Ikawa vilevile. Kadi ilikuwa na matundu manne ya nyaya lakini chipu moja tu, na ile chipu ilizunguka kama mtu mmoja anayelinda milango minne: akiwa kwenye huu, ile mingine haina mlinzi.

"Kwa dukani inatosha," Thobias alisema taratibu. "Mwizi hapiti upesi hivyo."

"Udongo unapita upesi."

Dereva aliita kutoka nje, "Mama, chukua yoyote twende! Watu wako chini!"

Maneno yale yalimchoma. Ndani yake sauti ilimwambia achukue, atoke, akimbie, kwani kila pumzi anayoivuta pale dukani ndiyo anayoikosa Marwa. Lakini alibaki amesimama. "Nyingine huna, kaka yangu? Hata iliyotumika?"

Thobias alifikiri, akaingia stoo. Vitu vilisikika vikianguka. Alitoka na kadi ndefu yenye vumbi aliyoitoa kwenye mashine ya nyumba ya wageni iliyofungwa biashara. "Hii ni ya zamani. Hakuna anayeitaka tena."

Hosiana aliipuliza vumbi, akaigeuza kwenye mwanga. Chipu zilikuwa zimejipanga mstari, moja kwa kila tundu la waya. Ilikuwa ya aina ile ambayo watu wa Linux huko mtandaoni walikuwa wakiisifu, kwamba ni ya kizamani mno hata mfumo wenyewe umeshaizoea, haihitaji kutafutiwa programu ya kuitambulisha. Akaipachika. Thobias akatembea mbele ya kamera bila kuombwa, akapita mzima, hatua kwa hatua, kwenye picha zote. Hosiana aliona machozi yanamdondokea kwenye kibodi.

"Nenda nayo," Thobias alisema. "Mengine baadaye."

Kule Mwakitolyo, chini ya turubai, jenereta likiunguruma, Davis alishusha kamera moja baada ya nyingine. Kioo cha kompyuta kiligawanyika madirisha manne. La kwanza likaonyesha maji ya tope. La pili udongo mtupu, njia imeziba. Kwenye la tatu kilionekana kiatu, kikasogea, halafu uso wa kijana ukajaa kioo kizima, macho yamekodoka kwa ule mwanga.

"Ndaki!" mtu akapiga ukelele nyuma yao. "Ni Ndaki! Na mwenzake yule pale!"

Watu walilia, wengine wakapiga vigelegele. Hosiana hakugeuka. Alikuwa analitazama dirisha la nne, ambako kamera ilikuwa imekwama kwenye ufa wa mwamba. Davis aliizungusha kidogokidogo. Katikati ya ule ufa, chini kidogo, alikuwapo Marwa. Amekaa, mgongo kwenye jiwe, miguu haionekani kwa kifusi. Ule mwanga ulipomfikia aliinua uso.

"Baba Nelly," Hosiana alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayemwita kula.

Marwa akaanza kuongea. Aliongea akiitazama kamera, midomo inafunguka na kufunga, mara anameza, mara anaendelea. Lakini kamera zile zilitengenezwa kutazama visima, na kisima hakina cha kusema. Hazikuwa na masikio.

"Anasema nini? Injinia, anasema nini?"

"Hazina sauti, dada. Samahani sana."

Aliruka, akakimbia mpaka kwenye lile tundu la nne, akalala kifudifudi, akatia sikio. Alisikia waya ukisugua jiwe na upepo mwembamba. Akageuza mdomo, akaita kwa nguvu zake zote, "Baba Nelly! Tunakuja! Nipo hapa!" Akatega tena sikio. Upepo. Aliporudi chini ya turubai, wanawake waliokuwa pale wakamshika mikono. "Amekusikia, Mama Nelly. Ulipoita aliinua kichwa. Alisema kitu tena." Yeye hakuwa amekiona.

Walijaribu kumshushia maji kwa kamba, chupa ikakwama kwenye ule ufa. Wakajaribu mpira mwembamba wa maji, nao ukajikunja hukohuko juu yake. Davis alisema njia ya kumfikia Marwa ni kupitia kwa Ndaki, hakuna nyingine.

Katapila likaanza. Hosiana ndiye aliyekaa kwenye kioo, kwa kuwa Davis alipaswa kuwa shimoni na wenzake, na kwa kuwa hakuna aliyeweza kumwondoa pale. Alitazama madirisha yote kama mama anayetazama watoto kwenye maji. Na ghafla kwenye la nne akaona changarawe zikimiminika juu ya bega la Marwa, na Marwa akijikinga kwa mkono.

"Simama! Simamisheni!"

Katapila likasimama. Changarawe nazo zikasimama. Watu wote walimgeukia. Davis alikuja, akaangalia, akafuta uso kwa kiganja.

"Tukiendelea na mashine, mwamba utamshukia," alisema. "Tuchimbe kwa mikono."

"Kwa mikono mtachelewa," Hosiana alisema.

"Tutachelewa."

Walichimba kwa mikono. Wasukuma, Wasumbwa, Waha, Wakurya waliokuja na malori kutoka maduara mengine, wote walipokezana majembe na ndoo. Walimfikia Ndaki na mwenzake, wakawatoa wamefunikwa macho kwa mashati ili jua lisiwaumize. Mama yake Ndaki alipiga magoti kwenye tope, akimwita, "Ng'wana wane, ng'wana wane," mwanangu, mwanangu. Hosiana alimsikia, akamfurahia kwa moyo mweupe, na moyo huohuo ulikuwa unachanika. Hakuondoa macho kwenye dirisha la nne.

Marwa alikuwa amepunguza kuongea. Sasa aliegemeza kichwa kwenye jiwe, kifua kikipanda na kushuka. Mara mojamoja aliufungua mdomo kuelekea kwenye mwanga. Halafu ikawa kifua kinapanda polepole. Halafu Hosiana akawa anasubiri kifua kipande juu, na kilipanda, akakisubiri tena, kikapanda kidogo, akakisubiri tena.

Davis alikuja kunywa maji, akainama kutazama.

"Amelala," alisema.

Hosiana alikisogelea kioo. Alikuwa amemwangalia mtu huyu akilala tangu walipooana, akizijua pumzi zake zote. Walipomfikia hatimaye, wanaume wakanyamaza mmoja baada ya mwingine kutoka kule chini mpaka juu, na Hosiana alikuwa ameshajifunga khanga kiunoni kwa ajili ya msiba. Waliomtoa walisema hakuumia sana. Hewa iliyopenya kwenye ule ufa ndiyo haikumtosha.

Alizikwa kwao Tarime. Mama yake, Bhoke, hakulia hadharani. Alishika mkono wa Nelly tangu kanisani mpaka kaburini, kisha akaenda kukaa jikoni na kukataa kula.

Baada ya arobaini Hosiana alirudi Nyahanga kufungua studio. Rekodi ilikuwamo kwenye kompyuta, safi, haijaruka mahali hata pamoja. Kadi ilikuwa imefanya kazi yake yote. Kila mchana, mteja akitoka, alifunga mlango na kumtazama Marwa akiongea. Alijaribu kuiga midomo yake mbele ya kioo cha kuchania nywele. Mwanzoni, ule mwanga ulipomfikia tu, midomo ilifunga ikafunguka. Ma. Mama Nelly. Hivyo ndivyo alivyomwita siku zote, hata kwenye hasira. Alishikilia hilo mpaka akaanza kuogopa kwamba anajidanganya.

Ndipo akaenda Shinyanga mjini kwa mwalimu mmoja, Juliana, aliyefundisha watoto viziwi na aliyejua kusoma midomo. Alimwekea ile rekodi kwenye simu. Mwalimu Juliana aliitazama akiwa amekunja uso, akairudisha, akaitazama tena. Kisha akavua miwani.

"Mama Nelly, nikwambie ninachokiona au nikwambie cha kukufariji?"

"Unachokiona, mwalimu."

"Vumbi ni jingi, na mwanga unatoka juu, kivuli kinafunika mdomo. Sehemu kubwa siwezi kuisoma, na mtu akikwambia anaisoma yote, anakuongopea." Aliigusa simu kwa kidole. "Lile neno la kwanza, na analirudia mara nyingi, nadhani ni maji. Mama ingefunga midomo mara mbili. Hapa inafunga mara moja."

"Maji."

"Nadhani. Siapi."

Hosiana alimshukuru, akatoka. Stendi alinunua chupa ya maji, akaishika mkononi mpaka Kahama bila kuifungua.

Mwezi uliofuata alimpeleka Nelly Tarime kumsalimia bibi yake. Bhoke alikuwa amekonda. Alipokea shikamoo, akaitikia marahaba, akawapa uji, akauliza habari za njiani. Kisha, Nelly alipokwenda kucheza na binamu zake, alivuta kigoda karibu.

"Nimesikia mwanangu mlimwona akiwa hai. Kwamba ipo picha."

"Ipo, Mama."

"Kwa nini hukunionyesha?"

"Niliogopa ingekuumiza."

"Nimeshaumia. Nionyeshe."

Hosiana alitoa simu. Bhoke aliishika kwa mikono miwili, mbali kidogo na macho, kama wazee wanavyoshika. Uso wa Marwa ukainuka kwenye mwanga. Midomo ikaanza kusogea. Yule mama alishtuka, akaisogeza simu karibu, na midomo yake mwenyewe ikawa inakwenda pamoja na ile ya mwanawe.

"Ananiita," alisema. "Unaona? Mama. Mama. Ananiita mimi."

Hosiana alifungua mdomo. Neno la mwalimu lilikuwa pale, na nyuma yake lilikuwapo jina lake mwenyewe, Mama Nelly, ambalo lilikuwa bado halijakubali kufa. Alimtazama Bhoke, mishipa ya shingo, kitambaa cheusi, vidole vilivyolea na kupalilia.

"Ndiyo, Mama," alisema. "Anakuita wewe."

"Tangu lini unajua?"

"Tangu siku ileile. Mwanzo mpaka mwisho alikuita wewe."

Bhoke alitikisa kichwa juu chini, taratibu. Aliomba irudiwe, Hosiana akairudisha. Ilipofika mwisho, yule mama aliiweka simu pajani, akaifunika kwa khanga kana kwamba kuna mtu ndani yake atakayepigwa na baridi.

"Nami nilikuwa wapi?" aliuliza. "Siku ile nilikuwa shambani. Napalilia. Nilikuwa hata naimba."

Hapo ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, kwa sauti iliyowatoa majirani nyumbani mwao. Hosiana alishuka kwenye kigoda, akakaa chini, akamkumbatia magoti, wakalia wote wawili pale uani mpaka Nelly akaja mbio kuuliza nani amewapiga.